Bei na Gharama: Uhakiki wa Maneno Mawili ya Kitengela

Kazi ya mhakiki haikomei katika riwaya na mashairi. Lugha ya soko na ya afisi ya ardhi nayo ina itikadi yake. Huko Kitengela na Kajiado, maneno mawili yanastahili kuchunguzwa: ardhi "tupu" na chakula "rahisi".

Kwa mnunuzi wa ploti, ardhi isiyolimwa ni tupu. Kwa mfugaji wa Kimaasai, ardhi hiyo hiyo ni malisho yaliyopumzishwa kungojea kiangazi. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za pamoja. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa watu binafsi. Vipande vikauzwa, zikafuata nyumba, nyua, visima virefu, na mabanda ya plastiki ya kukuzia maua na mboga. Nyumbu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambao huelekea kusini wakati wa mvua, wakazibiwa njia. "Utupu" huo, basi, ulikuwa umejaa.

Neno "rahisi" linaficha mengi zaidi. Bei ni fedha anayotoa mlaji. Gharama ni vyote vilivyotolewa hata chakula kikafika sahanini. Katika ukame wa mwaka 2022, mfugaji aliuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa. Mwaka huo huo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani, nayo Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Mfugaji akauza kwa hasara na kununua unga kwa bei ya juu. Soko la dunia lilimtoza mara mbili, wala mizani ya bucha haikuandika deni hilo.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe nyua. Ubora wake ni kukiri kwamba ardhi "tupu" ina kazi. Udhaifu wake ni kuipima kazi hiyo kwa kodi isiyoweza kushindana na bei ya ploti.

Haifai kumlaumu mkazi wa mjini atafutaye unafuu. Naye ana watoto wa kulisha. Linalopasa kulaumiwa ni lugha inayotaja bei na kunyamazia gharama, kwani isiyotajwa huangukia asiyeulizwa.