Mwalimu Anayechelewesha Jibu

Kuna ufundi usio na karakana: ule wa mwalimu anayewatoa wanafunzi nje na kuwafanya waone. Kuwatoa si taabu. Mwenye ruhusa ya mwalimu mkuu anaweza kulipeleka darasa zima ufuoni na kulirudisha likiwa limechoka na kuchafuka. Kuwafanya waone ndiko kwenye kazi, na aliye na kazi hiyo mkononi anastahili kusifiwa kama tunavyomsifu seremala au mhunzi.

Tumtazame akiwa kwenye mikoko, tuseme kule Gazi, Kwale, kusini mwa Mombasa. Matayarisho yake huanzia angani. Ratiba ya shule hufuata saa, bahari hufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa mbali, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu bahari haisogei sana. Tena kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo mwalimu huyu huwauliza wavuvi, huwaomba wenzake wabadilishane vipindi, na hutangulia mwenyewe kuikagua njia, ili watoto wawe wameshatoka topeni kabla maji hayajarudi. Haya yote hakuna mwanafunzi anayeyaona.

Wakifika, hasemi mengi. Huchuma majani ya aina mbili za mikoko, la mchu na la mkoko wenyewe, akawapa.

“Haya, lambeni.”

“Mwalimu, hili lina chumvi!”

“Na hilo jingine?”

“Halina.”

Miti yote miwili imesimama kwenye maji yaleyale. Hapo ndipo ufundi wake unapopimwa. Jibu analo: mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, ilhali mchu huiacha kiasi ipande hadi majanini, kisha huitolea nje kupitia vitundu vidogo mno. Kulisema kungemchukua nusu dakika. Halisemi. Anawaacha wabishane, walambe tena, waliguse jani la mchu kwa kidole na kuhisi chembe za chumvi zilizokauka juu yake. Mmoja huinama kuangalia chini, akaona kwamba mizizi nayo haifanani: ya mkoko imejipinda kutoka shinani na kujikita topeni kwa mbali, ya mchu imechomoza wima kutoka ardhini, vijiti vingi mfano wa penseli. Sasa swali limekuwa lao. Jibu likija baada ya hapo, hupata pa kukaa. Lingetangulia, lingeandikwa daftarini na kusahauliwa mtihani ukiisha.

Baadaye huwaonyesha miche ya mkoko inayoning'inia. Mbegu ya mti huu huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, ikarefuka hata kupita nusu mita kabla ya kuanguka. Mwalimu huuliza kwa nini mkoko haudondoshi mbegu tupu kama unavyofanya mwembe. Watoto hudondosha mmoja kwenye tope, ukasimama. Wakatupa mwingine majini, ukaelea. Wakianza kuzungumza juu ya maji yanayokuja na kuondoka, na juu ya mbegu ndogo isiyo na pa kushika, wamekaribia. Yeye hutikisa kichwa tu na kusubiri.

Na mwalimu bora hujua pia pa kumpisha mwingine. Humwalika fundi wa vyombo aeleze kwa nini mlilana, aina nyingine ya mikoko, hutafutwa kwa mataruma ya mashua, au mzee wa kijiji asimulie habari za boriti: namna mikoko ilivyopakiwa majahazini kwenda Omani na nchi za Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Mtoto aliyekwisha kulamba jani la mkoko husikia historia hiyo kwa sikio jingine.

Faida yake haiishii kwenye mtihani. Msitu wa Gazi ulikatwa vibaya miaka ya 1970, maeneo mengine yakabaki matupu, kisha tangu miaka ya 1990 ukaanza kupandwa upya. Tangu 2013, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji hulipwa kwa kulinda hekta 117 za mikoko inayohifadhi kaboni, na sehemu ya fedha hizo imekwenda kwenye maji na shule. Msitu wa namna hiyo hulindwa na watu wanaoutambua unapokuwa mzima na unapougua, na watu hao lazima kuna aliyewafundisha kutazama.

Kwingine mbegu ya namna hii imeota pia. Klabu za wanyamapori katika shule za Kenya zilianza 1968. Roots & Shoots ya Jane Goodall, ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Lakini klabu haina uhai bila mlezi wake, yule mwalimu anayebaki shuleni jioni, mara nyingi bila posho, kumwagilia miche na wanafunzi.

Kwa hiyo, walimu wakuu, akija mmoja wa walimu wenu kuomba siku ya bamvua, mpeni, na msimdai alama za kesho yake. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na tope hadi magotini, msianze na sare. Mwulizeni ameona nini, kisha mngojeni ajibu.