Kitoweo cha Bamvua

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Jambiani, mashariki ya Unguja, hukimbia mbali. Ifikapo saa nne asubuhi mwamba uko wazi, na wanawake wameshashuka kitambo. Kanga kiunoni, ndoo mkononi, na mchokoo: kijiti kilichochongwa ncha, au siku hizi kipande cha nondo.

Niliyemfuata ni mama wa makamo. Alitembea polepole, macho chini, pembeni mwa vidimbwi. Pweza hugeuza rangi akafanana na jiwe, kwa hiyo hatafutwi mwenyewe. Hutafutwa mabaki ya chakula chake. Alipoinama palikuwa na magamba ya kaa na makombe matupu, bado mapya, na vijiwe vimeziba mlango wa tundu.

Akaviondoa kimoja kimoja, akaviweka kando. Mchokoo ukaingia kwa mshazari, taratibu. Ukigusa jiwe hugonga. Ukigusa pweza hubonyea. Akauchezesha bila kuchoma. Mkono mmoja wa pweza ukatoka, ukauzonga, kisha wa pili. Hapo mwenye pupa huvuta, na mnyama hujigandisha mwambani mpaka mkono ukatike. Mama alingoja. Akavuta kidogo, akalegeza, akavuta tena, hata kichwa kikachomoza na wino ukatibua maji. Mkono wake wa kushoto ukakidaka kichwa, ukakipindua cha ndani nje kama mfuko wa kanzu. Pweza akalegea palepale.

Ninachokiheshimu zaidi ni kilichofuata: alivirudisha vijiwe mahali pake. Tundu zuri halikai tupu. Pweza mwingine atahamia, na mama ataliendea tena bamvua lijalo. Wapo wanaouvunja mwamba kwa nondo ili wamfikie upesi; wanapata kitoweo cha siku moja na kuibomoa nyumba ya miaka.

Aliendelea hivyo, tundu hadi tundu, akiokota na kombe moja moja njiani, na kipande cha ubao kilicholetwa na maji, ambacho nyumbani ni kuni. Maji yalipoanza kurudi aligeuka mara moja, bila kutamani tundu la mwisho.

Ufukweni alimpigapiga pweza juu ya jiwe mpaka nyama ikalainika. Jikoni hamtilii maji, kwani pweza hutoa yake mwenyewe. Yakikauka, ndipo tui la nazi linapoingia.