Muda wa Anayesubiri: Jinsi ya Kutambua Ufuatiliaji Bora wa Mfumo wa Java

Kila mwezi, takwimu za huduma za afya (MTUHA) kutoka zahanati na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, huingia kwenye DHIS2. Mfumo huo, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umeandikwa kwa Java, na kwa kawaida huendeshwa na Tomcat pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL. Siku za kufunga ripoti ndizo zinazotenganisha ufuatiliaji wa kweli na grafu za mapambo. Fundi hodari hupima muda wa anayesubiri. Kazi yake ikague hivi.

Wastani. Dashibodi yenye wastani peke yake itilie shaka. Chukua maombi 100: 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.2, matano kwa sekunde 20. Wastani ni sekunde 1.19, muda ambao hakuna hata mtu mmoja aliyeusubiri. Kazi safi huonyesha pasentaili ya 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayakuuvuka. Hapo zile sekunde 20 hazina pa kujificha.

Kipimo. Katika logi za Tomcat, alama ya %D hutoa muda wa kila ombi. Toleo la 9 huuandika kwa milisekunde. Kuanzia toleo la 10 ni mikrosekunde. Asiyejua hilo ataliona ombi la nusu sekunde kama limechukua zaidi ya dakika nane.

Mgawanyo. Kufungua ukurasa wa kuingia ni kazi nyepesi. Kuvuta ripoti ya mkoa mzima ni nzito. Zikichanganywa, nyepesi humeza kilio cha nzito. Kila kazi iwe na mstari wake.

Chanzo. Muda ukipanda, skrini hiyohiyo ionyeshe Java ilisimama kwa muda gani ikisafisha kumbukumbu, na maombi mangapi yalipanga foleni kusubiri hifadhidata. Bila hayo, fundi hubaki kuwasha seva upya na kuomba Mungu.

Mahali. Saa ya Tomcat huanza kuhesabu ombi likishafika. Safari ya kutoka Butiama haionekani humo. Fundi makini huweka pia kipimo cha nje, kinachotuma ombi la majaribio kwa kutumia mtandao uleule wa watumiaji wa Mara. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo humaliza ubishi wa kama tatizo ni mfumo au mtandao.

Tahadhari. Ujumbe wa usiku utaje kazi iliyokwama, tangu lini, na wapi pa kuanzia. Simu inayolia kwa kila mtikisiko mdogo huzoeleka, na siku ya hatari hakuna anayeinuka.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize: jana saa nne asubuhi, karani aliyebonyeza kukamilisha fomu alisubiri kiasi gani, na muda huo uliliwa na nini? Anayekujibu kwa namba kutoka kwenye skrini yake, huyo amefanya kazi.