Sauti Isiyo na Neno

Wako wasemao kwamba kilio na kicheko ni lugha ya wanadamu wote. Mwaka 2010 Disa Sauter na wenzake waliwajaribu Wahimba wa Namibia na Waingereza, kila watu wakisikilizishwa sauti za wenzao zisizo na maneno. Msikilizaji alisimuliwa kisa kifupi, kisha akachagua moja ya sauti mbili. Hofu, hasira na huzuni zilitambulikana pande zote. Katika sauti za furaha, ni kicheko tu.

Kazi hii ni njema, lakini ina kasoro: aliyekwisha kusimuliwa kisa ameonyeshwa njia. Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake waliwaacha Wahimba waseme wenyewe. Wakapambanua sauti njema na mbaya, bali hawakuzitaja hisia kama ilivyotazamiwa.

Nasi tukumbuke Ezra, sura ya 3. Msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee walilia, wengine wakashangilia, hata watu wasiweze kuzitenga sauti hizo. Basi, ndugu zangu, aombolezaye kwa sauti kuu msibani tusiseme hana imani, wala anyamazaye tusiseme hakumpenda marehemu. Sikio husikia mlio; moyo hujulikana kwa kuuliza.