Kofia ya Mkono: Tazama Tundu Kabla ya Ua

Wanunuzi wengi wa kofia ya kiua hukosea mwanzoni kabisa, kwa kuanza na maua. Wakiona kofia imejaa kazi toka ukingoni hadi utosini, huhesabu hiyo ndiyo bora na kutoa pesa. Zamani kipimo hicho kilikuwa na maana, kwa kuwa kila ua lilikula saa za fundi na sindano yake. Leo mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta hushona ua lolote, na kwayo kofia iliyojaa na kofia tupu hupishana kwa uzi na dakika chache tu. Basi wingi wa maua hauthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni tundu.

Kofia ya mkono huwa na vipande viwili, ukuta unaozunguka kichwa na duara la juu, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili za kitambaa cha pamba. Hutariziwa kwanza, ndipo viunganishwe. Fundi hufungua tundu kwa ncha ya chuma inayozisogeza nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, kisha huuzungushia ukingo uzi, pindo baada ya pindo, hadi ukaze. Iinue kofia mbele ya dirisha. Tundu la kazi nzuri hupitisha mwanga likiwa duara kamili, ukingo wake umeinuka kiasi cha kuhisiwa na kidole, wala hakuna unyuzi unaochungulia katikati. Kofia nyingi za bei rahisi zina duara lililoshonwa bila kufunguliwa, au lililofunguliwa kwa kukatwa, na kilichokatwa hufumuka kwa kufuliwa. Hilo si suala la urembo peke yake: katika joto la Mombasa au Unguja, vitundu ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani. Kisha igeuze ndani. Mashine hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, ndiyo maana upande wa ndani mara nyingi huonyesha uzi mwingine, mwembamba zaidi. Na ukiweza, iombe kofia kabla haijatiwa wanga. Wanga huikaza hata kofia iliyolegea, na ikikauka vizuri juu ya kalibu, kasoro nusu hazionekani.

Atakuwepo wa kusema kwamba mashine hunyoosha mistari kuliko mkono wowote. Ni kweli, na mkono usipewe msamaha kwa sababu ni mkono: mstari uliopinda ni kazi mbovu, hata ukiitwa asili. Lakini itazame kofia mahali ukuta unapokutana na mwanzo wake. Fundi hodari hupima kichwa na kugawa maua kabla ya kushika sindano, hivyo ua la mwisho humalizika pale la kwanza linapoanzia. Utepe uliotariziwa kwa wingi na kukatwa baadaye kwa saizi mbalimbali huacha nusu ua kwenye mshono. Unyofu huo wa mashine, basi, haujui kichwa cha mtu.

Wengine watauliza, kwa nini mtu asinunue tatu za mashine kwa bei ya moja? Anunue, kwa kazi za kila siku zinafaa kabisa. Lawama ni kuuziwa ya mashine kwa bei ya mkono, jambo linalowasumbua hata wanunuzi wa Oman, ambako ndugu ya kofia hii, kumma, hutariziwa na wanawake majumbani na kushindana sokoni na za kiwandani.

Kwa hiyo ukitaka ya mkono, agiza kwa mshonaji mwenyewe. Pima kichwa vizuri, toa malipo ya awali, na usimharakishe: kofia yenye kazi nyingi huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Anayekuahidi kuimaliza kesho kutwa hashoni kwa mkono.