Mzee Darasani: Tahakiki ya Filamu "The First Grader"

Filamu tunayokusudia kuizungumza katika kurasa hizi si mpya. Ilitolewa mwaka 2010, ikiongozwa na Mwingereza Justin Chadwick kutokana na mchezo ulioandikwa na Ann Peacock, na jina lake kwa lugha yetu lina maana ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwanafunzi mwenyewe ni mzee wa miaka 84. Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuisikia na baadhi yao wameiona. Sisi tuliitazama upya mwezi uliopita, walimu kumi na mmoja tumekaa katika ukumbi mdogo wa chama, na mjadala uliofuata ukatuchukua hadi usiku. Tumeona hapana budi tuandike, kwa maana tuliyoyasema usiku ule hayakuwa yote ya sifa.

Kisa ni cha kweli. Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa Kikuyu aliyepata kuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho; yeye mwenyewe aliamini kuwa alizaliwa mwaka 1920. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi katika shule ile ile. Kitabu cha Guinness kikamwandika kuwa mtu aliyeanza shule ya msingi akiwa na umri mkubwa kupita wote. Mwezi wa Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Tuanze na yaliyo mazuri, nayo si haba. Mwanzo wa filamu umetungwa kwa ustadi: redio inatangaza habari ya elimu ya bure, wazazi na watoto wanasongamana mlangoni pa shule, na katikati ya vurugu ile anatokea mzee na fimbo yake. Anarudishwa. Anakuja tena, anarudishwa tena. Anaambiwa hana sare. Mzee anakwenda zake, anakata suruali yake iwe kaputula, anavaa soksi ndefu, anarejea. Tulicheka sote ukumbini, wala hatukumcheka yeye. Oliver Litondo, mchezaji wa Kenya aliyepewa nafasi ya Maruge, hakuicheza kama mzee wa kuonewa huruma. Amempa kiburi kidogo, na hasira, na jicho la utundu. Anapokaa miongoni mwa watoto hajifanyi mtoto.

Kadhalika yapo mandhari ya kalamu ya risasi. Mwalimu mkali anamwamuru mzee aichonge kalamu yake. Mzee anaikaza mkononi na hawezi, kwani mbele ya macho yake imesimama kambi ya kizuizini ambako askari wa kikoloni walimtoboa sikio kwa kalamu iliyochongwa. Kitu kidogo kabisa, ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni, kinabeba historia nzima. Wala historia hiyo si ya kubuni. Mateso ya kambi zile yalifikishwa mbele ya mahakama jijini London, na mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza kuwalipa fidia Wakenya 5,228 waliotendewa hayo. Maruge hakuishi kuiona siku hiyo.

Lakini ni hapo hapo kwenye nguvu ya filamu ndipo penye udhaifu wake. Mtungaji amejiuliza: mtu wa miaka 84 anataka kusoma kwa nini? Jibu alilolipata ni barua. Mzee amepelekewa barua ya serikali kuhusu fidia ya wapiganaji, hawezi kuisoma, wala hataki kusomewa. Basi mchezo mzima umefungwa katika bahasha hiyo. Kila anapopiga hatua darasani tunarudishwa nyuma miaka hamsini: mkewe anauawa, mtoto wake anauawa, yeye anapigwa. Kusoma kwake kumekuwa dawa ya kidonda. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba mzee hawezi kutamani jambo jipya ila awe na deni la zamani la kulipwa.

Maruge aliyewazungumzia waandishi wa habari wakati ule hakuwa mtu wa namna hiyo tu. Ni kweli alitaja fidia: alitaka kujua hesabu ili asipunjwe fedha zake. Ila alitaja pia jambo jingine ambalo filamu haikulipa uzito kama ule wa barua. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa aliwashuku wahubiri kwamba hawakuwa wakiifuata sawasawa. Ndugu wasomaji, hebu itazameni sababu hiyo vizuri. Mzee ameketi kanisani miaka na miaka, anasikiliza, na moyoni anajiuliza: je, ndivyo kilivyoandikwa kitabu, au huyu anatuongezea chumvi? Hapo hapana kidonda. Hapana fedha. Ni udadisi mtupu, tena udadisi wenye ukaidi ndani yake, wa mtu asiyekubali kutafuniwa maneno na kumezeshwa. Sisi twaona sababu hii ingetosha kubeba filamu mbili, na ingeleta kicheko kingi kuliko machozi. Yamkini mtungaji aliona ni ndogo.

Mwenzetu mmoja alitupinga vikali. Alisema kwamba wazungu wa sinema wasingetoa fedha zao kwa ajili ya mzee mdadisi, na kwamba pasipo kambi na mateso, wala jina la Maruge lisingelijulikana ng'ambo. Huenda ni kweli. Hoja yake, hata hivyo, yatueleza habari za wenye fedha, wala haitwelezi habari za mzee.

La pili ni lugha, na hapa walimu wa Kiswahili tungejidharau kama tungenyamaza. Sehemu kubwa ya mazungumzo katika filamu ni ya Kiingereza. Mzee asiyejua herufi moja anabishana na mwalimu wake, Bibi Jane, aliyechezwa na Naomie Harris, kwa Kiingereza chenye ufasaha ambao wengi wa wanafunzi wetu wa kidato cha nne hawajaufikia. Twafahamu desturi ya sinema: mtazamaji wa ng'ambo lazima aelewe. Lakini katika kisa hiki hasara ni kubwa kuliko ilivyo desturi, maana kiini chake ni mtu anayepambana na maneno. Mtoto wa Kenya aingiapo darasa la kwanza hukutana na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, naye ana lugha ya mama yake kinywani. Maruge alilazimika kuyavuka hayo yote akiwa na meno machache na sikio bovu. Safari hiyo hatukuionyeshwa. Tuliona herufi ubaoni na fahari usoni. Kati ya hayo mawili pana kazi ya miezi mingi, nasi tunaoifanya kazi hiyo tulitamani kuiona.

Mambo mengine tutayapita upesi. Wazazi wanaomshutumu mwalimu kwamba anakula fedha za magazeti wamechorwa kwa mkono mzito. Uhamisho wa Bibi Jane na maasi ya watoto dhidi ya mwalimu mkuu mpya ni mambo ya kufurahisha ukumbi. Kuna hata hivyo kipande kifupi ambacho tungependa kila mwalimu akitazame mara mbili. Mzee anapelekwa kwenye darasa la watu wazima mjini, lile ambalo Kenya wamezoea kuliita gumbaru, na anawakuta wanafunzi wasio na hamu yoyote. Anaondoka asirudi tena. Filamu haiwaelezi watu wale. Inawatumia tu ili mzee ang'are. Sisi tuliofundisha madarasa ya jioni tunawajua. Aghalabu si uvivu. Ni kwamba amekuja amechoka, amepewa kitabu chenye picha ya mpira na paka, na mwalimu anamsemesha kama mtoto.

Twaona aibu kusema yafuatayo, lakini usiku ule yalisemwa. Miaka miwili iliyopita alikuja katika darasa letu la jioni bibi mmoja aliyepita miaka sabini na mitano. Alitaka Kiswahili. Katibu wetu alimwuliza cheti, hakuwa nacho. Akaulizwa anakitakia kazi gani, akasema hana kazi, ila husikiliza matangazo ya ng'ambo ya mpaka kila jioni, na amechoka kusikia watu wakicheka redioni asijue wanachekea nini. Tukaliandika jina lake katika karatasi, tukamwambia atangoja. Katika fomu yetu palikuwa na nafasi ya kujaza "madhumuni ya kujifunza", nasi tuliona kwamba kuchekea redio si madhumuni. Walimu wale wale tulioliandika jina lake na kulisahau ndio tuliofuta machozi mbele ya filamu. Mtungaji hakutufundisha kosa hili, lakini filamu yake yaliunga mkono: hata yeye alidhani kwamba mzee lazima alete sababu nzito mlangoni.

Kwa hiyo tulitazama pia filamu ya pili ili tuzilinganishe. Ni Gogo, ya Mfaransa Pascal Plisson, iliyoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ufaransa mwaka 2020. (Mwenzetu mmoja aliuliza ni gogo la mti gani, kwa Wakalenjin neno hilo ni bibi.) Hii si ya kuigiza watu wengine. Priscilla Sitienei, mkunga wa kijiji cha Ndalat, anajicheza mwenyewe, akiwa shuleni pamoja na vitukuu vyake. Miongoni mwa wanafunzi wenzake wamo aliowapokea kwa mikono yake siku ya kuzaliwa. Yeye naye alitaka kuisoma Biblia, na tena alitaka ujuzi wake wa ukunga na wa mitishamba uandikwe usije ukafa naye. Kwa ufundi, filamu hii ni nyepesi kuliko ya kwanza. Baadhi ya mandhari yamepangwa mno, na safari ya wanafunzi kwenda Maasai Mara inanukia utalii. Lakini ina jambo ambalo ile ya kwanza haina: ina subira. Inamwacha bibi ainame juu ya daftari, macho yanamsumbua, anakosea, anaanza tena. Hakuna jeraha la kuponya. Kuna mtihani wiki ijayo. Bibi huyo alifariki mwezi wa Novemba 2022, akiwa na miaka 99, katika siku ambazo yeye na wenzake walikuwa wakijiandaa kwa mtihani.

Turudi kwa Maruge, kwa kuwa sehemu ya maisha yake iliyotugusa kupita zote haimo katika filamu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilienea Eldoret na pande zake. Mali ya mzee ikapotea, naye akawa mmoja wa waliokimbilia kambi ya wakimbizi, kilomita nne hivi kutoka shuleni kwake. Iliripotiwa kwamba aliendelea kwenda darasani akitokea katika hema. Mwezi wa Juni 2008 alikuwa Nairobi, katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko hakuketi uani kuota jua: alijiandikisha tena, darasa la sita, katika shule ya msingi ya Marura. Mwezi wa Mei 2009 akabatizwa kanisani Kariobangi, akachukua jina la Stephen. Tarehe 14 Agosti 2009 akafariki kwa saratani ya tumbo.

Angalieni mpango wa mambo hayo. New York alikwisha kwenda. Jina lake lilikwisha kuandikwa katika kitabu cha rekodi. Kama ni heshima, alikuwa nayo tele. Mtungaji wa filamu angesema kwamba kisa kimekwisha. Mzee mwenyewe akabeba mkoba akaenda kutafuta darasa la sita, katika mji mgeni, bila kamera kubwa nyuma yake. Mchezo wenye mwisho huo tungeupenda zaidi, hata kama Litondo angekuwa hana hotuba ya kutoa mbele ya maofisa na hana makovu ya kuwaonyesha.

Watakaopenda kuionyesha The First Grader shuleni waangalie kwamba mandhari ya kambi ni makali, hayawafai watoto wa madarasa ya chini. Kwa kidato cha tatu na cha nne inafaa, hasa ikiwa wanafunzi wataulizwa wamwandikie mzee maneno ya Kiswahili badala ya yale ya Kiingereza. Sisi tulijaribu na mandhari ya kaputula, na darasa zima lilitaka kuisoma kazi yake kwa sauti. Nakala zote mbili zimo katika kabati la chama. Ile karatasi yenye jina la bibi tuliitafuta siku ya pili, tukaipata ndani ya jalada la mwaka juzi, nyuma ya risiti za chaki. Mwalimu mmoja amekwenda kijijini kwake Jumamosi hii.