Madoadoa Katika Orodha: Uhakiki wa Sera ya Kukataza Maneno Nchini Kenya

Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano nchini Kenya ilitangaza orodha ya maneno na misemo iliyohesabiwa kuwa ya uchochezi. Humo mlikuwemo madoadoa, kwekwe, mende na kihii, na hata hatupangwingwi, msemo wa vijana wa mitaani usiotaja kabila lolote. Nia ya Tume haina haja ya kutiliwa shaka, kwani nchi iliyopoteza watu 1,133 katika ghasia za 2007 na 2008, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ina kila sababu ya kuogopa ulimi. Kinachohitaji kuhakikiwa ni dhana ya lugha iliyobebwa na orodha hiyo, yaani kwamba chuki hukaa ndani ya neno, na neno likizuiwa chuki hukosa pa kukaa.

Neno madoadoa ndilo linaloifichua dhana hiyo. Katika matumizi ya kila siku halina ubaya: kuna ng'ombe wa madoadoa, kitambaa cha madoadoa, ndizi iliyoiva ikatoka madoadoa. Tusi linazaliwa pale neno linapoelekezwa kwa watu, kwa sababu doa haliwi doa bila kitu kinachodhaniwa kuwa kilikuwa safi kabla yake. Anayewaita majirani zake madoadoa hahitaji kusema kwamba eneo ni la kabila moja. Amekwisha kulichukulia hivyo, na msikilizaji akielewa neno amekwisha kukubali dai.

Sarufi nayo ina sehemu yake. Kiswahili humpa kiumbe mwenye uhai upatanisho wa a-/wa-, hata jina lake likiwa la ngeli nyingine, na ndiyo maana husemwa mende wameingia. Lakini madoadoa yaondolewe na kwekwe zing'olewe ni sentensi ambazo watu wamekwisha kutolewa katika upatanisho wa viumbe. Kitenzi nacho hakichaguliwi kwa bahati, kwani doa huondolewa na kwekwe hung'olewa. Wito wa kufukuza watu umo katika kitenzi, ilhali orodha ya Tume, kwa sehemu kubwa, inakamata nomino. Msemaji akijitetea kwamba alikuwa na maana ya wapinzani wa chama tu, nomino peke yake haitoshi kumkanusha. Kinachoweza kumkanusha ni kitenzi, mahali na hadhira.

Mahali hapo pana historia. Mashamba ya Bonde la Ufa yaliyokuwa yametengewa walowezi wa Kizungu yalinunuliwa baada ya uhuru, mengi kupitia kampuni na vyama vya ushirika, na wanunuzi wengi walitoka nje ya eneo hilo. Kwa mwenye hatimiliki, ardhi ilikuwa mali iliyolipiwa; kwa jirani yake, ilikuwa ya mababu iliyorudi kwa mtu asiyestahili. Mapigano ya 1992, yaliyofuata kurejeshwa kwa vyama vingi, na yale ya Likoni mwaka 1997, ambako aliyelengwa alikuwa mtu wa bara, yalichunguzwa na Tume ya Akiwumi, na ripoti yake ilionyesha mkono wa wanasiasa. Inafaa kukumbukwa kwamba mwenyeji, mgeni na mtu wa bara hayahitaji kuwa matusi ili yafanye kazi hiyo hiyo. Hakuna tume inayoweza kuyakataza.

Watetezi wa orodha hutaja Rwanda, na wana haki. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ililieneza neno inyenzi, yaani mende, na mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wahusika wa vyombo vya habari. Lakini mfano huo hutajwa nusu. Neno hilo lilikuwepo tangu miaka ya 1960, likiwahusu wapiganaji wakimbizi. Pamoja nalo kulikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila la mwenyewe tangu enzi ya Wabelgiji, kulikuwa na mgawo wa nafasi za shule na kazi kwa kabila, na mwaka 1994 kitambulisho hicho hicho kilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Redio ilizungumza na jamii ambayo ofisi za serikali zilikuwa zimekwisha kuipanga.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inalijua hilo. Kifungu cha 13 kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 7 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kaguzi za Tume yenyewe zimekuta taasisi nyingi zikikiuka kifungu cha 7. Hata hivyo, msimu wa kampeni ukifika, kinachosikika ni kifungu cha 13. Kijana aliyenyimwa kazi kwa ajili ya jina lake la ukoo anaelezwa maneno asiyopaswa kutamka, na aliyemnyima hakuhitaji kutamka lolote.

Kwa wanaisimu, kazi iliyo wazi ni kukusanya hotuba nzima badala ya msamiati: nani alisema, katika mji gani, baada ya mgogoro gani wa ardhi au wa ajira, kwa kitenzi kipi. Data ya namna hiyo ingempa mwendesha mashtaka ushahidi, na ingempa mshauri wa sera ramani ya mahali ambako kifungu cha 7 kimelala.